Tonge la Mama Mkwe

Nilikwenda Heru Juu kuposa nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi mara mbili, na siku hiyo hiyo, kabla hata sijapewa jibu, nikajisifu mbele ya mama mkwe. Yote ninayotaka kueleza hapa yalianzia kwenye majisifu yale.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Ni mfamasia, mtumishi wa serikali, na nililetwa Kasulu kwa barua ya uhamisho niliyoisoma mara tatu nikitafuta kosa la uchapaji. Wiki za mwanzo nililalamika juu ya kila kitu: vumbi jekundu, baridi ya asubuhi, salamu za Waha zisizokwisha. Muha hakusalimii juu juu akapita. Atasimama, atapiga viganja polepole, atakuuliza umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, shamba linaendeleaje, na wewe unatakiwa ujibu yote huku ukipiga viganja vyako. Kisha nikakutana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti wa Heru Juu. Malalamiko yakaisha yenyewe.

Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hamli pamoja, hamshikani mikono, na macho yako unayaweka chini. Siku ya posa niliketishwa sebuleni na wajomba, na mama akabaki chumba cha pili, mlango wazi, sauti yake ikitujia pamoja na moshi wa jikoni. Alikuwa mjane, mkulima wa maharage na muhogo, na kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye kisomo. Walipomaliza kuniuliza ukoo wangu, akasema kutoka kule ndani:

"Mwulizeni, hiyo kazi yake ni kuuza vidonge dirishani?"

Ilinichoma. Nina ugonjwa huo tangu utotoni, mtu akinishusha kidogo mimi hupanda juu ya dari. Nikajibu kwa sauti kubwa, nikiusemesha mlango, kwamba siuzi vidonge tu. Nikasema nilipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam nilikuwa kwenye kundi la mwalimu wangu lililokuwa likitafuta namna ya kuifanya insulini imezwe badala ya kudungwa.

Wajomba wakatikisa vichwa kwa adabu, bila kuelewa. Mama ndiye aliyeuliza.

"Kwani sasa ukiimeza inakuwaje?"

"Inaliwa, mama. Insulini ni protini, kama maharage. Tumbo halijui kwamba hii ni dawa na haya ni maharage. Linasaga vyote."

"Sasa ninyi mnafanyaje?"

"Tunaifungia ndani ya kitu. Sisi tulitumia unga wa maganda ya kamba, wale wadudu wa baharini. Tunaificha humo ili ipite tumboni bila kuonekana, ifike kwenye utumbo, ndipo ifunguke iingie kwenye damu."

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Na mnajuaje kama imefika?"

Nasema kweli, katika miaka yote ya chuo hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo, na ndilo swali lenyewe. Nikamweleza kwamba tuliitia rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, tukaifuata ilikopita, na kwamba tulipima sukari kwenye damu kabla na baada, saa kwa saa, tukiandika. Akasema, "Ego, ndiyo, kama kumfuata nyuki mpaka umwone anapoingilia." Nikasema ndivyo hasa. Moyo wangu ukampenda papo hapo, kabla sijaiona sura yake vizuri.

"Basi imefanya kazi?"

Nikajibu, "Bado kidogo, mama."

Haikuwa bado kidogo. Ilikuwa mbali sana, na mimi nilijua. Lakini wajomba walikuwa wananitazama, na mke niliyekuwa nimemfuata alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza, na maneno yale yalitoka laini kama maji.

Nilipewa binti. Tukafunga ndoa, tukapanga nyumba Kasulu mjini karibu na sokoni. Baada ya muda mke wangu akahamishiwa shule moja Kibondo, tukawa tunaonana likizo na mwisho wa mwezi. Mama mkwe akawa jirani yangu kuliko mke wangu. Kila Jumamosi nilikwenda kumwona. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda upande wa uani, yeye anakaa kizingitini akiwa amenipa ubavu, na tunazungumza hivyo, kila mmoja akiitazama migomba. Alinitania kwamba Kiha changu ni cha mtu mwenye jino bovu. Mimi nilimtania kwamba Kiswahili chake kimepikwa kwa mawese. Na kila mara, kabla sijaondoka, aliuliza, "Ile yako ya kumeza imefika wapi?" Nami kila mara nikajibu, "Bado kidogo."

Kisha jembe likamkata kidole gumba cha mguu, jeraha dogo la kufungwa kitambaa. Likakaa wiki sita bila kupona. Tulipompima tukakuta ana kisukari, na inaonekana alikuwa nacho siku nyingi. Vidonge havikutosha. Daktari akatuita mimi na mke wangu akatuambia waziwazi: sukari isiposhuka, kidole kitaoza, na kikioza watakata kidole, na wakianza kukata hawajui watakomea wapi. Jirani wa mama pale Heru Juu alikuwa ameanza na kidole hivyo hivyo. Alizikwa bila mguu.

Kwa hiyo akaanzishiwa insulini, yuniti kumi na nne asubuhi na nane jioni. Muuguzi alimfundisha kudunga kwa kutumia chungwa, na akasema mama ana mkono mtulivu kuliko wanafunzi wake. Mimi sikuwepo chumbani. Kule kudunga ni pajani au tumboni, na paja la mama mkwe si kitu cha mimi kukiona.

Hapo nikaona nafasi ya kuwa mkwe bora kuliko wakwe wote wa wilaya. Nikasema mama hatapanga foleni kliniki. Dawa nitampelekea mimi mwenyewe, vipimo nitavisoma mimi, nikamweleze daktari. Kila Jumamosi nilipanda bodaboda na kichupa cha insulini kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Hakuwa na friji, nikamtengenezea chungu chenye mchanga ninaoumwagia maji, kichupa kikakaa humo baridi. Nikampa kipima sukari, na daftari la kuandika namba, na kopo la kutupia sindano zilizotumika. Kila nilipofika sindano zilizotumika zilikuwa kwenye kopo, idadi kamili. Kichupa kilikuwa kimepungua inavyotakiwa. Daftari lilikuwa na alama ya vema kila asubuhi na kila jioni, zimenyooka kama matuta yake ya maharage.

Na sukari, ambayo haikutakiwa kuzidi kumi, ilikuwa kumi na sita, kumi na nane, kumi na saba. Kidole kilibaki kibichi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nilimshuku dereva wa bodaboda, kwamba njiani anakipasha moto kichupa kwa kuniendesha juani, nikagombana naye mbele ya watu nikamwacha. Kisha nikamshuku mwenzangu wa stoo ya dawa kwamba friji lake limezimika akanyamaza, akaninunia mwezi mzima. Kisha nikaushuku mchanga, nikaenda kuchota mwingine mtoni. Sikumshuku mama. Jambo dogo moja lilinipita: vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vikimwishia upesi, maradufu ya inavyopaswa. Nilidhani anaharibu vingine kwa kujifunza, nikamwongezea.

Daktari akaniuliza, "Una hakika anadunga vizuri?"

"Vizuri sana," nikasema. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akidunga hata siku moja.

Tukapandisha dozi. Ishirini na kumi na mbili. Haikusaidia kitu. Tukapandisha tena, ishirini na sita na kumi na sita, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari ili asisahau. Huo ulikuwa mwezi wa nne tangu aanze.

Shule zilipofungwa mke wangu akaja kutoka Kibondo akiwa na chupa kubwa ya asali aliyoileta kwa ajili ya sherehe ya mavuno kanisani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Jumamosi jioni akaiona sindano mezani, akasoma namba nyekundu, akasema, "Mama, leo pumzika, nitakudunga mimi." Mama akakataa, akasema amezoea mwenyewe. Binti akashikilia. Mama angesema nini? Akatoa paja, akadungwa yuniti kumi na sita, akala kiporo kidogo akalala. Asubuhi binti akamdunga tena, ishirini na sita, akamwekea chai. Mama akasema yeye hali kitu kabla ya kupokea Meza ya Bwana, hajawahi, na hataanza leo kwa sababu ya sukari. Wakaenda kanisani. Mimi nikawakuta huko, nikakaa upande wa wanaume, mistari mitatu nyuma.

Ibada ya mavuno ni ndefu. Watu walikuwa wamepanga mbele mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, mihogo, kuku waliofungwa miguu, na chupa ya asali ya mke wangu ikiwa katikati inang'aa. Kwaya ilipofika wimbo wa tatu nilimwona mama ameinuka peke yake wakati wengine wamekaa. Akaanza kuyumba na kusema maneno ya Kiha ambayo sikuyaelewa, na baadaye mke wangu aliniambia hata yeye hakuyaelewa. Jasho lilikuwa limelowanisha kitenge mgongoni. Kina mama waliokuwa karibu wakadhani ni Roho amemshukia. Wakaanza kupiga vigelegele, na kwaya, ilipoona hivyo, ikaongeza sauti. Mama akaanguka katikati ya vigelegele.

Sijui nilirukaje yale mabenchi. Nilikuwa na kipima sukari kwenye mkoba, natembea nacho kama wengine wanavyotembea na Biblia. Nikamchoma kidole. Namba ikatoka: moja nukta tisa. Ni mtu anayekufa, kwa lugha nyepesi. Hakuweza kumeza, ukimpa soda itaingia mapafuni. Nikatazama huku na huku, nikaiona asali. Nikaenda kuichukua hapo mbele, palipowekwa vitu ambavyo vilikuwa vimekwisha kutolewa kwa Mungu, nikaifungua kwa meno. Nikamlaza mama mkwe ubavu, kichwa chake kwenye goti langu, nikachovya vidole viwili na kumpaka asali ndani ya shavu. Nikachovya tena. Nikampaka kwenye fizi. Nilisikia kanisa zima limenyamaza, hata kuku. Sikujali. Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili mtu ambaye sikuwahi kumshika hata mkono, nikisema, "Mama, usife. Mama, tafadhali," nikirudia maneno hayo hayo.

Alikohoa. Akalamba. Mchungaji, Mungu ambariki, akaacha ibada akaleta gari lake. Hospitali wakamwekea dripu ya sukari, na kabla ya saa saba mchana akafungua macho, akamwangalia binti yake, akasema kwa Kiswahili safi:

"Nani aliniingiza vidole mdomoni?"

Mke wangu alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la wodi.

Furaha ilidumu kidogo. Nilipotulia nikaanza kupiga hesabu ya dawa, na hesabu ikanitia hasira, na hasira yangu kama kawaida ikampata asiyehusika. Nikamvuta mke wangu hadi varandani.

"Umemdunga kiasi gani?"

"Ulichoandika. Kwa mkono wako. Kwa wino mwekundu."

"Haiwezekani. Kiasi hicho hicho anakidunga wiki tatu sasa na sukari haishuki hata nukta. Umekosea kuvuta."

"Sikukosea."

"Basi imekuwaje leo?"

Hakunijibu. Mke wangu akinyamaza hivyo huwa amefika mbele yangu ananisubiri. Nami nikafika. Kama dawa ile ile, kiasi kile kile, ilikuwa haifanyi kitu wiki tatu na leo imemwangusha, basi wiki tatu zote haikuingia mwilini mwake. Tukarudi wodini.

Mama alituona tulivyoingia. Akageuza macho kuitazama dripu ikidondoka.

"Mama," mke wangu akamwambia, "ile dawa ulikuwa unaimwaga?"

"Oya, hapana!" Alikasirika kweli. "Nimwage dawa aliyoileta mkwe wangu? Nilikuwa naila."

Miezi minne. Kila asubuhi na kila jioni alikuwa akivuta insulini kwenye sindano, yuniti kamili, kisha anakata tonge la ugali wa muhogo, analitoboa kwa kidole, anatilia dawa ndani, anaziba kwa mawese, anameza bila kutafuna. Sindano anaitupa kwenye kopo kama nilivyomwagiza. Daftarini anaweka alama ya vema, maana nilikuwa nimeandika juu ya safu ile "Umetumia dawa?" na yeye alikuwa ameitumia.

Nilipandwa na hasira nikatoka nje. Nilizunguka hospitali mara mbili, nikapita dirisha langu la dawa, nikapita friji nililomsingizia mwenzangu. Nilijiambia nimeoa katika ukoo wa watu wabishi. Nilijiambia nimefanyiwa makusudi. Ilinichukua mzunguko wa tatu kukubali kwamba mama hakuwa mbishi wala mjinga. Alikuwa amenisikiliza.

Aliruhusiwa Jumanne asubuhi. Tukamrudisha Heru Juu, na daktari akarudisha dozi ya mwanzo, kumi na nne na nane, akasisitiza adungwe, tena mbele ya macho ya mtu. Tulipofika mama akamwambia binti yake ainue godoro. Chini yake palikuwa na daftari la pili.

Nililisoma nikiwa nimekaa uani, naye kizingitini, mke wangu katikati yetu akichambua maharage. Lilikuwa daftari la utafiti. Sina jina jingine la kuliita. Kwa herufi zake kubwa za kisomo alikuwa ameandika kila alichofungia dawa, na sukari kabla, na sukari baada ya saa moja, saa mbili, saa tatu. Ndiko vijiti vilikokuwa vikiishia. "Muhogo, mawese ndani. 17. 18. 18. 17." "Ugali wa mahindi. 16. 19. 19. 18." "Jani la boga, nimefunga kwa uzi. 17. 17. 16. 17. Uzi umetoka." Nilikuwa nimemwambia sisi tulitumia maganda ya wadudu wa baharini, na huku hakuna bahari, basi alitafuta ganda la hapa. Kwenye kurasa za mwisho alikuwa amefika kwenye ndizi. Ndizi mbivu ilimpeleka ishirini na moja, akaandika pembeni, "Hii mbaya." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mke wangu akanitupia harage.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wenye nyota. Ndizi mbichi ya kuchemsha, dawa katikati. Kumi na sita. Kumi na tatu. Kumi na moja. Kumi na moja. Nyota ilichorwa kwa nguvu hata karatasi ilitoboka.

"Umeiona?" akauliza, sauti yake ikiwa chini.

"Nimeiona."

"Nilitaka nikuonyeshe ikishuka mara tatu. Moja haitoshi, unaweza kuwa umebahatisha. Nikasema ikishuka mara tatu nitakupa daftari, uende nalo Dar kwa mwalimu wako. Umalize. Kila nikikuuliza unasema bado kidogo, na sauti yako inaanguka. Mimi nikasema, huyu mtoto ananiletea dawa kila Jumamosi, nami nimpe nini? Maharage amechoka nayo."

Nilikuwa namhurumia, nilikuwa najionea aibu, na kwa kweli nilikuwa nampenda kuliko nilivyojua kwamba inaruhusiwa.

"Mama, siku hiyo ya nyota ulikula nini?"

Akafikiri. "Siku hiyo sikula. Tulikuwa msibani, tumekwenda kuzika upande wa pili wa bonde. Nilimeza ndizi yangu asubuhi nikaondoka na kipimo kwenye kibindo. Nilirudi jioni."

"Na ulitembea."

"Kwenda na kurudi."

Mke wangu aliacha kuchambua. Mama naye alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wote. Nilimwona amekunja vidole vya mguu, pamoja na kile kidole ambacho leo anakivalisha kiatu cha kanisani, lakini siku ile kilikuwa bado kimefungwa bandeji na hakuna aliyejua kama kitabaki.

"Mkwe wangu," akasema. "Sitaki unibembeleze. Niambie, ile ya ndizi inafika au haifiki? Ukisema inafika hata kidogo, mimi naendelea. Ukisema haifiki, nitajidunga leo na kesho na siku zote. Lakini uniambie wewe, sio daktari."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yale yale mawili. Yangempendeza. Yangenipendeza mimi pia. Nikayameza.

"Haifiki, mama. Hata yetu haikufika."

Nikamweleza. Tulikuwa na panya kumi na wawili kwenye vizimba, tukiwalisha insulini iliyofungwa kwenye ule unga, tukiwatoa damu mkiani. Haikushuka sukari ya hata mmoja, isipokuwa panya wa saba. Huyo sukari yake ilishuka vizuri ajabu, na mimi ndiye niliyeandika namba, na mimi ndiye niliyechora nyota. Mwalimu alifurahi, akaninunulia chakula cha mchana. Ijumaa nilipokuwa nasafisha vizimba nikaona chakula cha panya wa saba kipo chote. Kifuniko cha kibakuli kilikuwa kimebana. Panya alikuwa na njaa tangu juzi yake. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima kabla sijasema, kisha tukarudia jaribio, na sukari haikushuka, na kazi ikafungwa.

"Zipo dawa nyingine za jamii hiyo zinazomezwa siku hizi," nikaongeza, maana ni kweli na sikutaka kumkatisha tamaa, "na hata hizo sehemu ndogo tu ndiyo huvuka. Insulini bado. Wanaitafuta watu wenye maabara kubwa kuliko yetu. Siku ya posa nilijua kabisa kwamba kwetu ilishindikana."

Mke wangu alikuwa ananitazama. Hata yeye nilikuwa sijamwambia.

Mama akarudisha macho kwenye migomba. Nilidhani nimempoteza.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mngeninyima."

"Yoo!" Akageuka. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni moja kwa moja, macho yake yakiwa na weupe mwingi wa uzee, na hayakuwa na hasira. "Mwanangu, nilikuwa nimeshakupa. Nilikuwa nimeshakupa kabla hujafungua mdomo, nilipomwona huyu anavyopika siku hiyo, chumvi anaitia mara mbili. Hukuwa umeshinda kitu chochote. Niliuliza ya kazi ili wajomba wawe na la kusikia."

Akanyoosha mkono kwa binti yake, akapewa kichupa na sindano.

"Ngapi?"

"Kumi na nne, mama."

Akaivuta taratibu, akaiinua kwenye mwanga, akaigonga kwa ukucha kutoa hewa. Mke wangu akasogea karibu ili aone. Mama akaanza kufungua kitenge, akasita.

"Wewe geukia ukutani."

Nikageuka. Nilisikia pumzi yake ikikatika kidogo, kisha akasema tayari. Sikugeuka. Nilibaki naangalia udongo wa ukuta ule hata baada ya kusikia sindano ikianguka kwenye kopo, maana nilikuwa nalia, na mama akamwambia binti yake aniache hapo hapo kwanza, asinisemeshe.